Chungu cha Mwaka Jana

Bibi alipofariki tulikaa matanga kama watu wote, na siku ya kuyaondoa chungu chake kikavunjwa. Mama ndiye aliyekivunja, kwa mchi, uani, wanawake wa ukoo wakiwa wamekaa kimya kwenye mikeka. Mimi nilipewa kazi ya kuokota vigae na kuvisaga. Nilivisaga kwenye jiwe lile lile tunalosagia ulezi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi, kila akipita alichota ule unga kwa vidole, akausugua, akasema, "Bado. Huo changarawe. Saga." Kisha mama akateremka kijitoni, pale kinapoingia ziwani, akachimba udongo mpya, akauchanganya na unga wangu, akafinyanga. Alipokwisha kukichoma alikiweka pembeni mwa kitanda chake. Hakuna aliyesema kwamba sasa tuna chungu kingine. Kilikuwa kile kile. Cha bibi, ambacho kabla yake kilikuwa cha mama yake, na kabla ya hapo cha mwanamke ambaye hata bibi mdogo hakuwahi kumwona.

Naeleza hili mwanzo kwa sababu siku ile, mbele ya baraza, nilitakiwa kulieleza na maneno hayakutoka. Kwenye daftari huwa naweza. Ukinisimamisha mbele ya watu, hata jina langu nalitafuta.

Sisi ni wafinyanzi. Baba alikwenda kutafuta kazi nikiwa mdogo na hakurudi, kwa hiyo vyungu ndivyo vilivyonilea na ndivyo vilivyonipeleka sekondari kule Mbinga. Nilipokuwa darasa la tatu, la nne, wanawake wa milimani walikuwa wanashuka kutoka Kitura na Mpepai na maharage kichwani, wananunua kwa kujaza. Unataka mtungi, unaujaza maharage. Maharage yanabaki kwetu, mtungi unaondoka nao. Kulikuwa na wajanja waliomimina polepole ili maharage yakae wazi wazi, na mama alikuwa anacheka tu. "Dada, tikisa kidogo. Na sisi tuna watoto."

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Kahawa ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye gari, mitumba ikamwagwa sokoni kama nyasi, na maduka yakajaa ndoo za plastiki, nyekundu, bluu, kijani. Sitasema uongo, mimi mwenyewe nilizipenda. Ndoo ni nyepesi, ukiteleza nayo mtoni unaokota unaendelea na safari. Wanawake wa milimani wakawa wanauza maharage yao kwa fedha na kupandisha ndoo. Mama alianza kurudi kutoka sokoni na vyungu vile vile alivyokwenda navyo, na akifika anavipanga ukutani. Waliobaki ni wapika pombe, na wale wanaosema maharage ya kwenye sufuria hayana ladha. Hao ndio waliokuwa wamebaki kati yangu na kuacha shule.

Kwa hiyo lile shimo la udongo pale kijitoni ndilo lililokuwa kila kitu. Siku moja tulikuta limezungushiwa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Tajiri mmoja wa kahawa alikuwa anataka kujenga nyumba ya wageni, watalii waje waoge ziwani. Alikuwa mtu mpole, hakufoka. Alimwambia mama, "Mama yangu, udongo uko kila mahali. Mchanga mzuri wa kuogea hauko kila mahali." Kuhusu udongo hakuwa anajua. Tulishajaribu wa njia ya Tingi. Unapendeza ukiwa mbichi, ukiingia motoni unapasuka kama bisi.

Shauri likaenda baraza la kata. Tajiri alisema akina mama hawa waliletwa ufukweni wakati wa vijiji vya ujamaa, wakati watu wanapakiwa kwenye malori, na kabla ya hapo pale hapakuwa na mwenyewe. Mama alisema nyumba ndiyo iliyohamishwa na lori. Shimo ni letu tangu kabla ya Mjerumani. Mwenyekiti, mzee mwenye macho ya kuchoka ambaye nadhani alitaka kutenda haki, akauliza tuna ushahidi gani.

"Chungu," mama akasema.

"Kipi?"

"Kipo nyumbani. Cha bibi yake bibi yangu. Udongo wake ni wa pale."

Ikawa bahati kwamba padri alikuwa anamtarajia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya makumbusho, anayezunguka makanisani kutazama vitu vya zamani na kusema ni vya enzi gani. Mwenyekiti akaamua: mtaalamu akimaliza ya kanisa ataletwa shuleni, akitazame na hicho chungu. Akisema ni cha kale, shimo linabaki kwenu. Akisema si cha kale, mwenye vigingi ajenge. Wote wakakubali. Mama alirudi nyumbani anaimba. Aliimba kweli, na si kawaida yake.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo tulikaa darasani. Habari zilishaenea na watu walikuwa wamekuja na vitu vyao. Nilikaa dawati la nyuma, chungu mapajani kimefungwa kwenye kanga, mama kulia kwangu na bibi mdogo kushoto. Mtaalamu alikuwa mwembamba, amevaa koti lililombana mabegani, kioo cha kukuzia kimening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliwaamkia wazee wote Shikamoo, mmoja mmoja, ndipo akaketi.

Wa kwanza alikuwa katekista na kigoda. Alisema kilikaliwa na jumbe wakati wa Majimaji. Mtaalamu hakutazama pale pa kukalia. Alikipindua, akatazama miguu kwa chini, akapitisha kidole kwenye kiungo, akanusa.

"Hapa pamepita msumeno wa mashine," akasema. "Na weusi huu ni wa moshi wa jikoni. Kigoda kizuri, mwalimu, lakini jumbe huyo labda alikuwa mwenyekiti wa kijiji."

Watu wakacheka. Katekista naye akacheka, ila nilimwona anakirudisha chini ya dawati kwa mguu, kama kitu kilichomtia aibu.

Akaja mvuvi na bakuli la bati lenye rangi nyeupe iliyobanduka, na utepe wa bluu ukingoni. Aliomba radhi, akasema amelileta kwa kuwa hana kingine, kuku wake wanalia pumba ndani yake. Mtaalamu aliligeuza, akasugua kitako kwa mate, akatazama kwa kioo muda mrefu.

"Hili ni la Mjerumani," akasema. "Kabla ya vita ya kwanza. Mpaka sasa ndilo kongwe kuliko vyote nilivyoonyeshwa leo."

"Ndiyo maana kuku wenyewe wana maringo," bibi mdogo akanong'ona kwa sauti ya kusikika, darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mikono. Kisha padri akaomba sanamu ya Bikira Maria ya kigangoni itazamwe tena ili waumini wasikie, na mzee akaeleza kwamba ilichongwa wakati wa Mwingereza na mtu wa huku huku. Uso aliuiga kutoka kwenye picha, lakini alipofika kwenye vidole alichonga vidole alivyovizoea, vinene, vya mtu anayelima. Alivishika vile vidole kwa heshima. Nilimpenda pale. Na hapo hapo nikaelewa anachofanya. Hasikilizi kitu kinasemwa kuwa cha nani. Anatazama mahali ambapo mikono na miaka vimegusa. Kigoda alikigeuza, bakuli aliligeuza. Chungu chetu atakigeuza, na chini hakina mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu kiliwekwa pembeni mwa kitanda mwaka jana na hakijasogezwa.

Nikamvuta mama kanga. "Mama. Atasema ni kipya."

"Kipya vipi? Si ulikisaga mwenyewe?"

"Mama, yeye anatazama kwa nje."

"Basi atazame. Chungu kina nje na ndani." Akanipapasa goti kama ninaogopa sindano.

Nikamgeukia bibi mdogo. Alikuwa anamtafuta jirani wa kumwambia tena ile ya kuku.

Tulipoitwa, mama alikibeba mwenyewe. Ni chungu kizuri. Kina mistari mitatu shingoni, ile ile aliyoichora bibi kwenye chake, na kimesuguliwa kwa kokoto mpaka kinameta kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mtaalamu alikipokea kwa mikono miwili. Alikigonga kwa ukucha kikalia. Akalowesha kidole, akagusa ndani, akatazama jinsi maji yanavyonywewa. Akakigeuza. Nilifumba macho.

"Mama," akasema taratibu, "hiki alikifinyanga nani?"

"Mimi."



"Lini?"

"Mwaka jana, mvua zilipokatika."

"Na kile cha bibi yake bibi?"

"Ndicho hicho."

Darasa likapasuka. Tajiri hakucheka, alitazama viatu vyake, na hilo liliniuma zaidi. Mtu mmoja dirishani alisema, "Mama amezaliwa kabla ya Mjerumani, mtazameni na yeye kwa chini." Mwenyekiti aligonga meza. Mama alisimama pale katikati, anageuza uso huku na huku, haelewi kinachochekwa. Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Akikasirika au akiogopa kinamkimbia anabaki na Kinyasa, na Kinyasa mtaalamu alikuwa hakijui. Alianza kueleza kwa Kinyasa. Mwenyekiti akamkatisha, akanyoosha kidole nyuma kabisa, kwangu.

"Yule msomi wa Mbinga ni binti yako? Simama, mwanangu. Tusaidie."

Nilisimama. Sijui mikono niliiweka wapi. Kichwani nilikuwa nayo yote, mchi, vigae, jiwe, unga, bibi mdogo anasema bado, na nilijua ikitoka kwa mpangilio yule mzee ataielewa, maana alielewa hata vidole vya sanamu. Nikafungua mdomo.

"Vimo ndani," nikasema.

"Nini kimo ndani?"

"Vyungu."

Wakacheka tena. Nikakaa. Lakini mtaalamu hakucheka. Alitazama chungu, akanitazama, akauliza kana kwamba tuko wawili tu, "Mnasaga vigae vya zamani mnachanganya na udongo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vya kile cha kwanza?"

Nikaitikia tena.

Akageukia mwenyekiti. Alisema hilo linawezekana, wafinyanzi wa sehemu nyingi wanachanganya vigae ili chungu kivumilie moto. Kama ni kweli, vipande vinaonekana. Lakini chungu hiki kimesuguliwa nje na ndani, hakina ufa, hakina pengo mdomoni. Hawezi kuona kilichomo.

"Kwa hiyo?"

"Mpaka paonekane mahali palipovunjika."

"Basi kivunjwe," tajiri akasema kwa upole ule ule. "Ni cha mwaka jana, atafinyanga kingine."

Bibi mdogo alisimama. Hakuwa na mzaha tena. Akasema kwa Kiswahili chake chote, "Hicho kinavunjwa mtu akifa. Mwenyewe yuko hapo anapumua." Kisha akaketi na kujifunika kanga kichwani.

Mwenyekiti alimwambia mama halazimishwi. Alimpa nafasi ya kufikiri. Hata leo nikikumbuka naona ile nafasi ilikuwa ya kikatili kuliko kama wangemlazimisha. Mama alitazama nje dirishani, upande wa kijitoni. Kutoka pale shuleni vigingi vilionekana, vidogo, kama pilipili zilizochomekwa mchangani. Akanitazama mimi. Sikutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Nilikuwa nataka aamue yeye na nilikuwa nataka asiamue kabisa. Akakichukua chungu mezani kwa mtaalamu, akakiinua mpaka kifuani kama anayepima uzito wa mtoto, akakiachia kwenye sakafu ya saruji.

Bibi mdogo akapiga ukunga wa msiba. Wanawake wawili waliokuwa mlangoni wakaitikia bila kujua wanamlilia nani, halafu wakamwona mama amesimama wakanyamaza.

Mtaalamu alipiga magoti sakafuni. Alichagua kigae kinene cha kitako, akakipeleka kwenye mwanga, akakaa nacho. Kisha akaniita. Nilikwenda kwa kuwa nilikuwa siwezi kukaa karibu na ule ukunga. Akaniwekea kioo jichoni.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Udongo wa mama ulikuwa wa kijivu, na ndani yake punje, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi, zimekaa kama maharage kwenye kande. "Hiyo kubwa," akaninong'oneza, "itazame katikati." Nilitazama. Ndani ya ile punje nyekundu kulikuwa na punje nyingine, nyeusi, ndogo kama jicho la usipa, dagaa wa ziwani. Bibi alikuwa ndani ya mama, na mama yake bibi ndani ya bibi. Nikaanza kulia, na machozi yakaharibu kioo, akakifuta na koti lake akanirudishia.

Akasimama akatoa jibu lake. Akasema wanawake hawa hawakudanganya. Katika kigae hiki kuna kazi ya watu watatu waliofuatana, na huenda zaidi. Huu ndio ushahidi wa kuheshimika kuliko vyote alivyoviona mezani leo.

Mama alinishika mkono. Wake ulikuwa umelowa.

"Miaka mingapi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa kioo hiki siwezi kusema."

"Na udongo wa hizo punje ulichimbwa pale?"

Yule mzee alikigeuza tena kigae mkononi. Nilimwona anautafuta uongo wa kutusaidia, nami nilikuwa namwomba Mungu aupate. Hakuupata. "Sijui," akasema. "Pale au kwingine. Wapo wenye mashine za kupima hayo. Siyo hapa nchini."

Mwenyekiti alifuta uso. Alisema baraza halikuuliza kama mama ni mkweli, liliuliza muda na mahali, na yote mawili hayakupatikana. Alisema kwa masikitiko, naamini hivyo. Tajiri naye alisema kwa masikitiko kwamba vibarua hawatafika mpaka mwezi uandame, tuchote udongo tunaoweza.

Mtaalamu alitusaidia kuokota vigae. Alipoweka vya mwisho kwenye kanga alimwambia mama, "Nisamehe, mama." Mama akamjibu, "Ulitazama vizuri, baba," na nadhani alimaanisha.

Tangu siku ile watu hawajui wamsalimie mama vipi. Wengine wanavuka upande wa pili wa njia. Kisimani wanawake wanampisha achote kwanza, na yeye anawaambia, "Asanteni. Marehemu ana haraka." Wanacheka kwa kuogopa. Nyumbani hacheki. Anakaa kwenye mkeka anatazama ile pembe ya kitanda.

Tumechota udongo. Kila asubuhi tuliingia ndani ya vigingi na majembe, tukaupandisha kwa zile ndoo za plastiki, kwa kuwa ndizo nyepesi. Tumeufukia nyuma ya nyumba, tumeufunika kwa majani ya migomba, na mimi ndiye ninayeunyunyizia maji usikauke. Ukiupiga jicho ni lundo kubwa. Ukiufikiria ni mitungi ya msimu mmoja, labda miwili, na baada ya hapo sijui pombe itapikwa kwenye nini wala mimi nitasomeshwa na nini.

Na chungu lazima kirudi pembeni mwa kitanda. Kwa desturi, anayekirudisha ni mrithi, aliyekuwa nacho haruhusiwi hata kugusa, maana anahesabiwa hayupo. Mama hana binti mwingine. Nilivisaga vigae mwenyewe, na safari hii bibi mdogo hakusema bado. Alichota unga, akasugua, akaenda zake.

Jana nilianza. Sijui kufinyanga. Nilikuwa shuleni miaka ambayo ningejifunza, ndiyo iliyokuwa hesabu ya mama, kwamba yeye afinyange ili mimi nisifinyange. Udongo ulinipanda mpaka viwikoni. Ukuta wa chungu ulisimama, ukalala upande mmoja, nikauinua, ukalala upande wa pili. Mama alikuwa amekaa karibu kabisa, magoti yake yanagusa mkeka wangu. Mdomo wa chungu ulipoanza kupinda nilimtazama anisaidie hata kwa macho. Alikuwa ameinamisha uso. Mikono yake ilikuwa mapajani, na vidole vilikuwa vinazunguka polepole, vinabana, vinapandisha, vinalainisha ukingo wa kitu ambacho hakikuwepo. Nikatazama vile vidole. Nikafuata.